Somo: Baba unayeachana na mkeo Moshi, malezi ya mtoto unayaombaje?

Akina baba, tuanze na lile ninaloambiwa kila wiki kwenye msaada wa kisheria hapa Pasua: "Mtoto ni wa ukoo, kihamba (shamba la ukoo) kinamsubiri." Sawa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka hakimu aangalie hata mila za jamii yenu, ila kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Na kihamba hakimwamshi mtoto kwenda shule.

Hatua ya 1: Baraza. Kabla ya kufungua maombi ya talaka, shauri lipite baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la dini (Waislamu wengi huenda BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania). Mkishindwa kupatana, mpewe hati. Isome kabla hujatoka mlangoni: majina, tarehe, na maneno kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Bila hati hiyo mahakama haipokei maombi, isipokuwa kwa sababu chache, mfano mwenza amekutelekeza na hujui aliko.

Hatua ya 2: Maombi. Mahakama ya mwanzo ina mamlaka. Humohumo kwenye maombi ya talaka omba malezi ya mtoto, na uongeze: nikikosa, nipangiwe siku za kumwona. Wengi huruka mstari huu wakidhani ni kukubali kushindwa. Halafu wanarudi kwangu wakilia.

Hatua ya 3: Ushahidi. Hapa ndipo kesi ilipo. Baba mmoja alikuja na picha za nyumba yake mpya: vigae, geti, tanki la maji. Akaulizwa mwanawe anavaa kiatu namba ngapi. Akamgeukia dada yake! Lete kadi ya kliniki, risiti za ada, mwalimu anayekufahamu kwa sura, jirani aliyekuona ukimwogesha. Kama utasaidiwa na bibi yake, bibi aje aseme mwenyewe.

Mtoto wa chini ya miaka 7, sheria inachukulia kwamba ni heri akae na mama. Dhana hiyo inapingika, lakini mzigo wa kuipinga ni wako, na "mama yake ana kiburi" si hoja.

Hatua ya 4: Afisa ustawi wa jamii. Mahakama inaweza kumwagiza achunguze mazingira ya mtoto. Mpokee vizuri, usimpambie nyumba.

MASWALI

Naendesha daladala, natoka saa kumi alfajiri. Binti ana miaka 4. Nina nafasi?
Finyu, kaka, nisikudanganye. Omba siku za kumwona, zitajwe kwa saa: Jumapili saa nne hadi saa kumi na mbili jioni. "Atamwona akitaka" ni mwanzo wa ugomvi mwingine.

Mama kahamia naye Arusha, simu hapokei. Nikamchukue shuleni?
Usithubutu. Kama mama ana amri ya mahakama, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumwondoa mtoto kwa anayemlea kihalali. Hata kama hana, utakuwa umemtia hakimu shaka mapema. Anzia ustawi wa jamii.

Nikizuiwa kumwona, nisitishe matumizi?
Hapana. Matunzo ni wajibu wako hata mtoto akikaa kwa mwingine. Tuma kwa simu ili kumbukumbu ibaki. Zile za kumpa mjomba mkononi, siku ya kesi mjomba hazikumbuki.

Wa kwangu ana miaka 11, anasema anataka kukaa na mimi.
Akiwa na uwezo wa kutoa maoni yake mwenyewe, mahakama itayazingatia. Usimkaririshe. Mtoto wa miaka 11 akianza kusema "mlalamikiwa", kila mtu anajua maneno ni ya nani.

Tuna watatu. Lazima wote waende kwa mmoja?
Si lazima, kila mmoja huangaliwa peke yake. Ila mtoto wako mdogo kama bado analala kitanda kimoja na dada yake, lieleze hilo mahakamani, hata kama linampa mama nguvu.