Kununua saa ya mkono ya zamani na kuifanyia sevisi bila kuiharibu

Saa ya zamani ina maadui wawili: unyevu, na mtu anayetaka kuipendezesha. Unyevu huila polepole kwa miaka. Mtu mwenye mashine ya kung'arishia humaliza kazi mchana mmoja, na alichokiondoa hakirudi tena. Mwongozo huu ni wa mkusanyaji mpya anayetafuta saa yake ya kwanza ya kutia ufunguo au ya kujijaza yenyewe, iliyotengenezwa kati ya miaka ya 1950 na 1980 hivi, na anayetaka itembee vizuri huku ikibaki ile ile iliyotoka kiwandani. Kanuni ninayofanyia kazi mezani kwangu ni hii: mashine ya ndani isafishwe yote, kipande kwa kipande, uso na bodi (ganda la nje la saa) viguswe kidogo kadiri iwezekanavyo.

Hatua ya 1: Chagua mashine kabla ya jina

Wanunuzi wengi huanza na jina lililoandikwa usoni. Anza na mashine, kwa sababu ndiyo inayoamua kama vipuri vitapatikana. Kampuni nyingi za Uswisi hazikuunda mashine zao wenyewe. Zilinunua kwa watengenezaji kama ETA, AS, FHF na Unitas, kisha zikaziweka kwenye bodi zenye jina lao. Kwa hiyo saa ya jina usilowahi kulisikia, ikiwa na mashine ya ETA iliyotengenezwa kwa wingi, itatengenezeka kwa urahisi kuliko saa ya jina kubwa yenye mashine adimu. Seiko za miaka ya 1970 zenye mashine za 7005, 7009 au 6309 ni mwanzo mzuri. Vilevile HMT za India za kutia ufunguo kwa mkono, kampuni iliyoanza kutengeneza saa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ushirikiano na Citizen ya Japani.

Kama unapanga kujifunza kufungua saa mwenyewe, chukua ya kutia ufunguo kwa mkono, isiyo na tarehe. Kila nyongeza, iwe tarehe, siku au rota (uzito unaozunguka) ya kujijaza, huongeza vipande. Kronografu, yaani saa yenye kipima muda ndani yake, iache kwa sasa. Gharama ya kuitengeneza huweza kupita bei uliyoinunulia. Wala usivutwe na idadi kubwa ya vito, yale mawe madogo ambamo ncha za magurudumu huzunguka, iliyoandikwa usoni. Kwa saa ya kutia ufunguo kwa mkono, vito 17 vinatosha kulinda sehemu zote zinazosuguana sana.

Hatua ya 2: Uso ndio unaosema ukweli

Hapa kaa muda mrefu kuliko popote. Mashine iliyochakaa inatengenezeka, kioo kinabadilishwa, mkanda ni kitu cha kupita. Uso ulioharibiwa umeharibika.

Mwombe muuzaji picha ya uso iliyopigwa kwa mwanga wa mchana, moja kwa moja kutoka mbele, kisha uikuze. Kwenye uso wa asili herufi zina unene mmoja na kingo safi. Uso uliochorwa upya una herufi nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, vistari vya dakika visivyolingana na alama za saa, na mara nyingi maneno madogo ya chini, kama "Swiss Made", yamekatika au hayapo kabisa. HMT na Seiko 5 ndizo huchorwa upya kwa wingi, tena kwa rangi kali ambazo kiwanda hakikuzitoa. Ukiona saa ya umri huo uso wake unang'aa kama wa jana huku bodi imejaa mikwaruzo, hivyo viwili havikuzeeka pamoja.

Kwa Seiko kuna ukaguzi rahisi. Nyuma ya saa kuna namba mbili zenye kistari katikati, mfano 6309-7040: nne za kwanza ni mashine, zinazofuata ni bodi. Chini kabisa ya uso, karibu na ilipo namba 6, kuna maandishi madogo sana ambayo kwa kawaida huanza na namba ile ile ya mashine. Zisipolingana, uliza kwa nini. Namba nyingine ya nyuma hutaja tarehe: tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi. Inayoanza na 83 ilitengenezwa Machi ya mwaka unaoishia na 8; kama ni 1968, 1978 au 1988, aina ya mashine ndiyo itakayokuambia.

Tazama pia rangi ya kung'aa gizani. Tritiamu, iliyotumika sana tangu miaka ya 1960 na kutambulishwa kwa herufi T kando ya neno "Swiss", hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka 12 hivi. Uso wa 1968 wenye alama hiyo ukiwaka gizani kwa nguvu, umepakwa rangi upya. Mishale na uso viwe na rangi ya uzee inayofanana. Mishale myeupe juu ya alama za kahawia maana yake kimoja kimebadilishwa.

Radiamu ni jambo la afya. Ilitumika kabla ya tritiamu, na nguvu yake hupungua nusu kwa miaka 1,600. Kwa hiyo uso wa miaka ya 1940 au 1950 unaweza kuwa umeacha kuwaka kwa sababu kemikali inayotoa mwanga imechoka, lakini mionzi ingalipo. Hatari kubwa ni vumbi lake kuingia mwilini. Usiifungue saa hiyo, wala usiukwangue au kuupuliza uso wake. Mwachie fundi anayejua kazi hiyo, au nunua saa nyingine.

Hatua ya 3: Bodi, kisha mashine

Kwenye bodi tafuta kingo. Masikio yanayoshika mkanda yalitoka kiwandani na pembe kali. Yakiwa ya mviringo kama sabuni iliyotumika, saa imeng'arishwa mara nyingi. Maandishi ya nyuma yaliyofifia ni dalili hiyo hiyo. Maneno "stainless steel back" nayo hudanganya wengi: mfuniko wa nyuma ndio chuma kisichoshika kutu, ilhali bodi huwa ni shaba iliyopakwa kromu au dhahabu. Mchovyo ukishatoka, hakuna kitambaa kitakachourudisha.

Picha ya mashine ni lazima. Muuzaji akikataa kufungua, hesabu bei kana kwamba ndani kuna kutu. Angalia vichwa vya skrubu: vikiwa vimechubuka, aliyepita hakuwa na bisibisi sahihi. Angalia kutu karibu na kijiti cha ufunguo, maana maji huingilia hapo. Ndani ya mfuniko unaweza kuona herufi na tarehe ndogo zilizokwaruzwa kwa mkono. Ni kumbukumbu za mafundi waliotangulia. Zinanipendeza kila nizionapo, na usizifute.

Ukiwa nayo mkononi, tia ufunguo taratibu, usikilize mlio, kisha ilaze kifudifudi, kichalichali na kwa ubavu. Isisimame upande wowote. Vuta kichwa cha ufunguo uzungushe mishale mpaka tarehe ibadilike. Ikienda mbele dakika nyingi kwa muda mfupi, huenda imeshikwa na sumaku, jambo linaloondolewa kwa kifaa kidogo ndani ya sekunde chache. Ukiambiwa kwamba imesimama kwa sababu "ufunguo umejaa kupita kiasi", elewa kwamba mafuta ya ndani yameganda. Na neno "imefanyiwa sevisi" lisilo na risiti wala tarehe halina uzito kwenye bei.

Hatua ya 4: Usiivae bado

Saa inayotembea si lazima iwe nzima. Mafuta yakikauka, ncha nyembamba za magurudumu huzunguka zikisagana na vumbi, na kila siku unayoivaa unalipa kwa chuma. Ijaribu siku moja, andika ilivyokwenda, kisha iache ilale hadi sevisi.

Ukimpelekea fundi, mpe maelekezo kwa maandishi: bodi ising'arishwe, uso usioshwe wala usichorwe, mishale isipakwe rangi, na kila kipuri kitakachotolewa kirudishwe kwako kwenye kifuko. Fundi mzuri hatachukia maneno hayo.

Hatua ya 5: Kuifungua mwenyewe

Fanyia mazoezi mashine kubwa isiyo na thamani kwako. Unitas 6497 na nakala zake zina kipenyo cha zaidi ya milimita 36, na kila kipande kinaonekana vizuri. Vifaa vya mwanzo ni bisibisi za milimita 0.8 hadi 1.6 zilizonolewa, vibano, lenzi ya jichoni, vidole vya mpira na kisanduku cha kutengea skrubu. Piga picha kabla ya kutoa chochote.

Toa mashine kwenye bodi, rudisha kijiti cha ufunguo mahali pake, kisha ng'oa mishale ukiwa umeufunika uso kwa karatasi laini ya plastiki. Legeza skrubu za pembeni zinazoushika uso, uuinue, na uuweke mbali na meza unayofanyia kazi.

Sasa punguza nguvu ya kamani kuu, yaani springi inayoiendesha saa. Shika kichwa cha ufunguo kwa vidole, sukuma kando ulimi unaozuia gurudumu la ufunguo lisirudi nyuma, na uache kichwa kizunguke polepole ndani ya vidole vyako hadi nguvu iishe. Ukiruka hatua hii na kutoa uma wa kusimamisha magurudumu, magurudumu yote yatafyatuka kwa pamoja na kuvunja meno au ncha.

Baada ya hapo toa balansi, lile gurudumu linaloyumba, pamoja na daraja lake, bila kuivuta kamani yake nyembamba. Fuata uma, kisha magurudumu, kisha ngoma ya kamani kuu. Vipande vioshwe kwa kioevu cha kusafishia saa na kusuuzwa, na matundu ya vito yachokolewe kwa kijiti laini cha mti. Usiuache uma ukae ndani ya spiriti: mawe yake yameshikwa kwa gundi ya sheleki, na spiriti huiyeyusha. Kamani kuu ya zamani ya chuma cha buluu nabadilisha bila kusita, kwa kuwa hukatika.

Hatua ya 6: Mafuta kidogo

Mafuta mepesi, kama Moebius 9010, huenda kwenye ncha zinazozunguka haraka. Mazito kwenye ngoma na magurudumu ya polepole. Grisi kwenye sehemu za ufunguo. Kikombe kidogo cha kito kijae nusu au zaidi kidogo. Mafuta mengi hutambaa na kuacha sehemu kavu. Ncha za uma hazitiwi mafuta, ila nyuso za mawe yake ndizo hutiwa. Meno ya magurudumu hubaki makavu, na kamani ya balansi isiguswe na tone lolote.

Baada ya kuunganisha, tumia kipima mwendo. Ufunguo ukiwa umejaa na saa imelala chali, balansi iyumbe nyuzi 270 hadi 300. Chini ya 220 kuna msuguano uliobaki, rudi ndani. Weka kwanza kwenye kipimo pembe sahihi ya mashine yako ("lift angle", pembe ambayo balansi hupita ikigusana na uma); nyingi ni karibu nyuzi 52, lakini si zote, na ukikosea, kipimo chote kinapotoka. Tofauti ya sekunde 15 kwa siku kwa saa ya umri huu inaniridhisha.

Hatua ya 7: Nje, na kuivaa

Bodi ifutwe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki, mashine ikiwa imetolewa. Kioo cha plastiki ndicho pekee ninachokisugua kwa dawa ya kung'arishia, kwa kuwa hicho kilikusudiwa kubadilishwa. Weka mpira mpya wa kuzuia maji nyuma, lakini hata hivyo usiamini maandishi ya kuzuia maji yaliyochongwa miaka 50 iliyopita: ivue unaponawa. Usibadilishe tarehe kwa njia ya haraka kati ya saa tatu na saa tisa usiku, maana meno ya kalenda huwa tayari yameshikana. Iweke mbali na spika na vifuniko vya simu vyenye sumaku, na andika tarehe ya sevisi pamoja na kifuko cha vipuri vya zamani; atakayeinunua baada yako atavihitaji.