Kabla hujasema dawa za presha hazimfai

Kama mgonjwa wako anameza dawa za presha ya kupanda na bado mashine inasoma 140/90 au zaidi kila mkienda kliniki, usikimbilie kuomba dawa kali. Pitieni haya kwanza.

Dawa inamezwa kweli? Usiulize, hesabu vidonge vilivyobaki. Wengine huacha wakijisikia vizuri. Wengine huacha kimyakimya: amlodipini imewavimbisha miguu, enalapril imewaletea kikohozi kikavu kisichoisha, dawa ya kukojoa wanairuka siku ya safari ya basi. Wakisema, daktari atabadilisha. Wasiposema, ataongeza.

Kupima nako kuna utaratibu. Akojoe, akae ameegemea kiti dakika 5, miguu chini, asiongee. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya sweta, na umtoshe. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba.

Chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, tena humo mnahesabu ya mkate, ya samaki wa chumvi na ya viungo vya mchemraba. Magadi kwenye maharage nayo yamo. Pombe ipunguzwe. Anayekoroma hadi pumzi inakatika usingizini, daktari aambiwe, maana hilo peke yake hupandisha presha.

Sasa nisikilizeni hapa.

Mama yangu hakukosa kliniki hata mara moja, na chumvi ya mezani alishaisahau. Presha ikapanda hadi 170 kwa 100. Akaongezewa losatani, kisha dawa ya kukojoa. Dawa tatu, presha palepale. Kila mara daktari alimuuliza, "Mama, kuna dawa nyingine unatumia?" Naye akajibu hapana. Hakuwa anadanganya. Kwake yeye dawa ni zile zilizoandikwa kwenye kadi. Diklofenaki ya goti, asubuhi na jioni, miezi saba mfululizo, aliiona ni kitu cha kutuliza maumivu tu. Na aliyekuwa akimnunulia duka la dawa, bila cheti cha daktari, ni mimi mwanawe.

Siku moja muuguzi alimwambia amimine mkoba wote mezani. Zikatoka funguo, tasbihi, leso, na karatasi tatu za vidonge vya goti. Muuguzi akaniangalia mimi, si mama.

Diklofenaki, sawa na ibuprofeni, huufanya mwili ushike chumvi na maji, na hupunguza nguvu za dawa nyingi za presha. Ikikutana na losatani na dawa ya kukojoa kwa wakati mmoja, figo ndizo zinazoumia. Damu ilipopimwa, za mama zilikuwa zimeshaanza kuchoka. Tukaiacha siku ileile. Goti likapewa mazoezi na parasetamoli kwa kiasi alichoandikiwa. Baada ya wiki chache presha ikashuka. Figo zilipata nafuu, ila hazikurudi kama zamani.

Kwa hiyo msibebe kadi tu. Bebeni kila kinachoingia mwilini: vidonge vya mafua vya kuzibua pua, vya uzazi wa mpango, prednisoloni ya pumu, mitishamba ya kwenye chupa isiyo na jina, sindano ya mgongo aliyochomwa mtaani. Msisubiri kuulizwa kuhusu "dawa". Semeni goti linauma na analitibu na nini.

Na mengine: asiazime dawa ya jirani, hata kama jirani imemkubali. Asiache dawa ghafla, hasa atenololi, bila kumwambia daktari. Zisiishe ndipo mkatafute nyingine. Mkisafiri, zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi. Kichwa kikimuuma vibaya ghafla, macho yakiingia ukungu, kifua kikibana, mdomo ukipinda au ulimi ukiwa mzito, msingoje tarehe ya kliniki. Nendeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.