Namna ya Kulinganisha Sinthesaiza za Analogi Kabla ya Kununua

Oktoba iliyopita nilimsaidia mpiga kinanda wa kwaya moja ya hapa Dodoma kuchagua sinthesaiza yake ya kwanza ya analogi, yaani kinanda kinachounda sauti kwa saketi za umeme. Tulikuwa na tatu mezani, zote za kuazima: Korg Minilogue, Korg Monologue, na nyingine ya zamani ambayo rafiki yangu wa Dar es Salaam aliituma kwa basi. Kazi niliyodhani ingeisha jioni moja ilitumaliza siku tatu, na utaratibu ufuatao ndio uliopatikana baada ya makosa.

Hatua ya 1: Amua idadi ya sauti. Minimoog Model D ya mwaka 1970 hutoa noti moja tu kwa wakati mmoja, na Monologue ni vivyo hivyo. Minilogue hutoa noti nne, na Behringer DeepMind 12 hutoa kumi na mbili. Anayeshika noti tatu au nne kwa pamoja, kama wapigaji wengi wa kanisani, hana haja ya kupoteza muda na zile za noti moja, hata kama besi yake inatikisa madirisha.

Hatua ya 2: Soma kibandiko cha umeme kilicho nyuma. Umeme wetu ni volti 230, ilhali chombo kilichotengenezwa kwa soko la Japani hutaka volti 100 na kitaungua bila transfoma ya kushusha. Kama kinatumia adapta, hakikisha pia kwamba alama za chanya na hasi zinalingana. Mimi hupendelea zile zinazokubali betri, kwa kuwa Monologue kwa betri sita za AA iliendelea kulia umeme ulipokatika siku ya pili.

Hatua ya 3: Ziunganishe zote kwenye mixa moja.

Hatua ya 4: Acha zipate joto, ndipo uzipime noti. Hapa ndipo nilipoumia. Ile ya zamani niliichukua stendi ya Nzuguni saa nane mchana, boksi likiwa la moto kana kwamba limetoka jikoni, nikaiweka mezani na papo hapo nikazungusha nobu ya kupandisha na kushusha noti mpaka programu ya simu ya kupimia noti ikaonyesha kijani. Saa mbili usiku, dirisha likiwa wazi na upepo ukivuma, noti za juu zilikuwa zimeachana kabisa na za Minilogue. Nilibadilisha waya, nikalaumu mixa, nikamwambia mwenzangu kwamba sikio lake limechoka, na nilikuwa nimekwisha kuandika nusu ya ujumbe wa kumweleza mwenye mali kwamba chombo chake ni kibovu.

Sababu ilikuwa joto. Osileta (sehemu inayozalisha sauti) inayoongozwa kwa volti hutegemea transista ambazo mwenendo wake hubadilika kwa zaidi ya asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja ya joto, iwapo mtengenezaji hakuweka kifaa cha kufidia. Katika umbali wa oktava tatu hiyo ni takribani senti 12 kwa nyuzi moja (senti ni sehemu moja ya mia ya nusutoni), na Dodoma mchana na usiku hutofautiana kwa nyuzi nyingi. Kwa hiyo acha chombo kikae chumbani hadi kifanane na chumba, kiwashe, subiri dakika 30, na usikielekezee feni. Kisha zima osileta zote isipokuwa moja, piga noti ya C katika oktava nne tofauti, na uandike daftarini kila noti imepotoka senti ngapi. Rudia baada ya saa moja. Zikipotoka zote kwa kiasi kimoja, nobu inatosha kuzirekebisha. Kosa likikua kadiri unavyopanda, anahitajika fundi mwenye bisibisi na subira, na fundi redio wa mtaani si lazima awe ndiye. Asiyetaka usumbufu huu atafute chombo chenye osileta inayoongozwa kwa dijitali, kama Roland Juno-106 ya mwaka 1984 au DeepMind 12.

Hatua ya 5: Sawazisha ukubwa wa sauti kabla ya kutoa hukumu, kwa kuwa sikio hukipenda chombo chenye kelele zaidi. Zima pia mwangwi wote. Video za intaneti karibu zote zimejaa mwangwi, nami sizitumii kuchagulia chochote.

Hatua ya 6: Sikiliza filta, sehemu inayopunguza ukali wa sauti. Chagua wimbi la msumeno, lenye sauti kali, shika noti moja ya chini, kisha funga filta polepole huku ukiongeza rezonansi (mkazo wa sauti pale filta inapokatia). Filta ya Moog hupoteza besi rezonansi ikipanda. Wengine huipenda kwa hilo, mimi huiona hasara.

Hatua ya 7: Pima kwa muziki utakaoupiga. Mwenzangu alitaka kinanda kiambatane na ilimba ya Kigogo, ala ya vibao vya chuma ambayo mwanamuziki Hukwe Zawose aliifikisha ng'ambo, na noti zake hufuata mpangilio wa asili wa sauti (mitetemo iliyo mara mbili, tatu, nne na kuendelea ya ile ya noti ya msingi), si wa piano. Noti ya saba ya mpangilio huo iko chini ya ile ya kinanda kwa senti 31, tofauti ambayo hata mtoto huisikia. Monologue inaruhusu kupanga noti upya moja moja, na tulipozishusha, ilimba na kinanda viliacha kugombana. Tatizo likawa lile la hatua ya kwanza: inatoa noti moja tu. Mwisho hakuchukua hata moja kati ya tatu. Anadunduliza ili anunue Minilogue xd, yenye noti nne na uwezo huohuo wa kupanga, ingawa osileta yake ya tatu ni ya dijitali, jambo ambalo bado tunabishana.