Mambo ya kuzingatia kabla ya kupakia abiria kwenye gari-nyumba

Mtu anayeingia ndani ya gari-nyumba kwa mara ya kwanza huangalia vitanda, jiko na choo. Ni kawaida, maana ndivyo vinavyolitofautisha na basi dogo. Lakini vitu hivyo hivyo ndivyo vinavyomhatarisha abiria gari likiwa barabarani. Kitanda kinamwita mtoto akalale, friji inamwita mwenye kiu, choo kinamwita kila mtu. Na akishanyanyuka kitini gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hana kinachomshika zaidi ya mikono yake mwenyewe. Kwa hiyo ninamsisitizia yeyote anayejiandaa kwa safari ya namna hii jambo moja: starehe ya abiria ni sehemu ya usalama wake. Asiyesumbuliwa na joto, kiu, haja wala kichefuchefu atakaa na mkanda wake mpaka mahali pa kupumzikia. Maandalizi mengi ninayoyaeleza hapa yanalenga kumwondolea abiria kila sababu ya kusimama.

Anza kwa kuhesabu viti, vitanda baadaye. Gari linaweza kuwa na nafasi ya kulala watu sita na mikanda ya watu wanne tu, na mara nyingi tangazo la kuuza au kukodisha hutaja wale sita. Uliza waziwazi: viti vingapi vimeidhinishwa kukaliwa gari likiwa linatembea? Idadi hiyo ndiyo idadi ya abiria wako. Wa tano atafutiwe usafiri mwingine, hata kama ni mtoto mdogo anayeonekana kuenea popote.

Ukishajua idadi, kagua kiti kimoja kimoja, na hapa usiwe na haraka. Viti salama zaidi ni vile vya mbele karibu na dereva na vile vya nyuma vinavyotazama mbele, vyenye mkanda unaopita begani na kiunoni. Kochi linalotazama ubavuni ni zuri kwa mazungumzo gari likiwa limeegeshwa, lakini kwenye ajali mwili hutupwa upande, shingo na kiuno hupindwa, na mkanda wa kiunoni hauwezi kuuzuia. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la 2005, ulizuia viti vya aina hiyo kwenye magari mapya ya abiria. Magari ya zamani bado yanavyo, na yapo mengi barabarani.

Kisha inua godoro la kiti, mulika kwa tochi na ufuate mkanda mpaka unapoishia. Viti vingi vya kwenye meza ya kulia ni makasha ya mbao nyembamba yaliyopambwa kwa kitambaa kizuri. Mkanda unatakiwa kuishia kwenye fremu ya chuma iliyokazwa kwa bolti mpaka kwenye chesisi, yaani fremu kuu ya chuma inayobeba gari. Ukiona bolti imepita kwenye plaiwudi tu, au mkanda umefungwa kwa skrubu kwenye ukuta wa kasha, kiti hicho hakifai kwa safari. Kwenye ajali kasha litang'oka pamoja na aliyekalia.

Nguvu zinazohusika hapa ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Gari lililokuwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo husukumwa mbele kwa nguvu ya takriban mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 anakuwa kama mzigo wa kilo 200. Hakuna mzazi, hata awe na nguvu kiasi gani, anayeweza kumshika mtoto huyo mapajani. Na mwendo ukiongezeka maradufu, nishati ya kugonga huongezeka mara nne.

Kwa watoto, jaribu kiti cha mtoto kwenye gari lenyewe kabla ya siku ya safari. Kiti kinachokaa vizuri kwenye gari dogo kinaweza kucheza kwenye benchi la gari-nyumba kwa sababu mgongo wake umenyooka mno au mkanda ni mfupi. Kisifungwe kwenye kiti cha ubavuni. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Meza iliyo mbele ya abiria ikunjwe au iondolewe, maana ukingo wake uko sawa na tumbo la mtu mzima na kifua cha mtoto. Na kama viti vya mbele ni vya kuzunguka, hakikisha vimerudishwa kutazama mbele na kufuli lake limeshika. Kisukume kwa nguvu kushoto na kulia, usitosheke na kusikia mlio.

Kitanda hakina nafasi katika safari. Mtu aliyelala kitandani gari likitembea hana tofauti na mzigo usiofungwa, na maelezo kwamba amechoka au anaumwa hayabadilishi hilo. Kama kuna mgonjwa anayehitaji kulala, simamisheni gari apumzike, au gawanyeni safari iwe ya siku mbili.

Sasa tuje kwenye yale yanayomnyanyua mtu kitini. Kila abiria awe na chupa yake ya maji, kitu kikavu cha kutafuna, nguo ya kujifunika, waya wa kuchajia simu na mfuko wa taka, vyote mahali anapovifikia bila kufungua mkanda. Wekeni makubaliano kabla ya kuwasha injini: choo kitatumika gari likiwa limesimama tu. Makubaliano hayo yanamdai dereva naye. Akiambiwa mtu amebanwa, atafute mahali salama mara moja, asijibu kwamba wamekaribia kufika. Kelele za vyombo na upepo huzuia sauti ya nyuma isifike mbele, kwa hiyo mteueni mmoja anayekaa karibu na dereva awe ndiye wa kupokea maombi ya nyuma. Dereva asilazimike kugeuza shingo kusikiliza.

Joto husahauliwa sana. Kiyoyozi cha kwenye dashibodi kimetengenezwa kwa ajili ya sehemu ya dereva. Mbele wanaweza kuwa wanaona baridi huku wa nyuma wanatoka jasho. Siku moja kabla, endesha gari mchana kwa nusu saa ukiwa wewe ndiye umekaa nyuma, mtu mwingine akishika usukani. Utajua mengi kwa safari hiyo fupi: jua linapiga upande gani, mkanda unakata shingo wapi, mlango gani wa kabati unagonga. Kama nyuma kuna joto, tafuta feni ndogo ya umeme wa gari, pazia la dirisha la upande wa jua, na upange kuondoka alfajiri.

Kichefuchefu nacho kina sababu inayoeleweka. Sikio la ndani linahisi mwili unayumba, macho yanaona meza na kabati zimetulia, na ubongo unapokea habari mbili zisizopatana. Sehemu ya gari iliyo nyuma ya ekseli ya nyuma, yaani mhimili unaobeba magurudumu ya nyuma, ndiyo inayorushwa na kuyumba zaidi. Basi mwenye tabia ya kuchafukwa akae kati ya ekseli mbili au mbele kabisa, atazame mbele, aone barabara, na simu aiweke kando. Dawa za kuzuia kichefuchefu cha safari hufanya kazi vizuri zikimezwa kabla ya kuondoka, nyingi nusu saa au saa moja kabla. Umri na magonjwa mengine yana athari kwenye uchaguzi wa dawa, kwa hiyo mwulize mfamasia mapema. Zinazoleta usingizi dereva asiziguse.

Tahadhari kubwa ninayoiomba iko hapa: si kila anayechafukwa nyuma ya gari-nyumba ana kichefuchefu cha safari. Kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, huleta dalili zilezile za mwanzo, yaani kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Hutoka kwenye ekzosi ya injini, jenereta, jiko na hita. Gari lenye umbo la sanduku linapokwenda kasi hujenga mvuto wa hewa nyuma yake, na dirisha la nyuma likiachwa wazi moshi wa ekzosi huvutwa ndani, kwa watoto waliokaa huko. Kwa hiyo madirisha ya nyuma yafungwe gari likitembea, na hewa iingilie mbele. Kabla ya safari mwambie fundi aangalie kama ekzosi imetoboka, hasa inapopita chini ya sakafu ya abiria. Weka kengele ya kaboni monoksaidi karibu na wanapokaa na kulala watu, bonyeza kitufe cha kuijaribu, na usome tarehe ya mwisho wa matumizi iliyoandikwa mgongoni kwake, maana vihisi vyake huchakaa hata betri ikiwa mpya. Wakilalamika wawili kwa wakati mmoja, simamisheni gari, zimeni kila kinachowaka, shukeni wote. Kupata nafuu kwenye hewa safi kusiwafanye mrudi ndani na kuendelea. Nafuu hiyo yenyewe ni ishara kwamba hewa ya ndani ilikuwa na sumu. Aliyezidiwa au kupoteza fahamu anahitaji hospitali mara moja.

Gesi ya kupikia ifungwe kwenye vali ya mtungi kabla ya kuondoka, na mtungi usimame wima umefungwa imara. Friji nyingi za magari haya zinaweza kutumia umeme wa gari wakati wa mwendo, na hata ikizimwa, friji iliyopoa na kufungwa vizuri hutunza ubaridi kwa saa kadhaa. Kabla ya kuingia kituo cha mafuta, hakikisha hakuna mwali wowote unaowaka ndani. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni, hivyo kitambuzi chake hukaa chini, wakati kengele ya moshi hukaa darini.

Kufunga vitu ni kazi ya dakika kumi ikifanywa kwa utaratibu. Vizito viwe chini na katikati, vyepesi juu. Lile sufuria la kilo 3 lililoachwa juu ya jiko litampiga mtu kwa nguvu ya kilo 60 na zaidi. Funga kufuli la friji, droo zote, mlango wa choo, madirisha ya darini na ngazi ya kupandia. Kisha pita na mkono kila mlango wa kabati, uvute. Macho hudanganywa na mlango ulioegemea tu bila kushika.

Uzito wa gari zima upimwe kwenye mizani gari likiwa na abiria wote, maji, mafuta na mizigo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 100 lililojaa ni sawa na kuongeza mtu mzima na begi lake. Kama mnakokwenda kuna maji, safirini na kiasi kidogo. Ukizidisha uzito, breki huchelewa na matairi hupata joto. Matairi ya gari-nyumba mengi huzeeka kabla kashata, yaani meno ya tairi yanayogusa barabara, hazijaisha, kwa sababu gari hukaa limeegeshwa muda mrefu. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likishavuka miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na la miaka kumi liondolewe hata kama linang'aa. Upepo upimwe tairi likiwa limepoa.

Waonyeshe abiria milango yote ya kutokea, pamoja na dirisha la dharura, na kila mmoja alifungue mwenyewe, watoto na wazee wakiwemo. Gari hizi zimejaa mbao, povu na vitambaa, na moto ukianza ndani una dakika chache tu za kuwaacha watu watoke. Kizima moto kiwe karibu na mlango. Kikiwa ndani kabisa, anayekihitaji atalazimika kupita kwenye moto wenyewe.

Kuhusu vituo, pangeni kusimama kila baada ya saa mbili, angalau robo saa, na kila mtu ashuke atembee. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2007 ilionyesha kwamba kukaa safarini saa nne au zaidi bila kujongea, iwe kwa ndege, treni, basi au gari, huongeza takriban maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Kwa mtu mmoja mmoja hatari hiyo bado ni ndogo, lakini wajawazito, waliofanyiwa upasuaji karibuni na waliowahi kuganda damu waongee na daktari kabla ya kuondoka. Dereva naye anahitaji vituo hivyo kuliko wote. Sheria za Ulaya humtaka dereva wa lori apumzike dakika 45 baada ya saa nne na nusu za usukani, na anayeendesha gari zito la familia hana misuli ya tofauti. Mwandikie kwenye karatasi urefu wa gari kwenda juu, pamoja na kiyoyozi cha paani, uibandike mbele yake, ili akikuta daraja la chini asianze kukisia.

Kituo cha kwanza kiwe karibu, baada ya dakika 15 au 20 tu. Zungukeni gari mkiangalia matairi, ngazi na milango ya nje ya mizigo. Ndani, sikilizeni kilicholegea na mkifunge. Kisha muulize kila abiria mkanda wake umekaaje, hewa inamfikia au hapana, na kama kuna anayetaka kubadilisha kiti na mwenzake. Mwenye kusema yuko sawa kwa sauti ya upole, hasa mgeni au mzee, mwulize mara ya pili.