Kabla hujamwambia mtu "soma hiki"

Mtu akikuomba umtajie kitabu kipya kisicho cha hadithi, usikimbilie kumpa jina. Muulize kwanza ni nini hasa anataka kukijua. "Napenda historia" haitoshi. "Nataka kujua uchumi ulifunguliwaje baada ya 1985," hapo sasa mnaelewana: mpe tawasifu ya Mzee Mwinyi, aliyekuwa rais wa Tanzania, iitwayo Mzee Rukhsa, iliyozinduliwa Mei 2021 na kuandikwa kwa Kiswahili.

Kisha pima mzigo. Wasifu wa Mwalimu Nyerere ulioandikwa na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata ulitoka 2020, juzuu tatu, kwa Kiingereza. Ni kazi nzito na nzuri, ila ukimbebesha zote mtu anayesoma ndani ya daladala, zitaishia kula vumbi. Mwelekeze kwenye juzuu moja inayogusa swali lake. Akinogewa atazifuata nyingine mwenyewe.

Na huo upya uhakikishe. Angalia ukurasa wa hakimiliki, ule ulio nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, uone kilichapwa kwanza mwaka gani. Jalada jipya si kitabu kipya. Ukishafika hapo, ruka hadi kurasa za mwisho. Kitabu kinachodai kufichua siri za nchi halafu hakina marejeo wala faharasa, mimi hukirudisha kwenye rafu. Tawasifu naisamehe kidogo, maana mwenyewe anasimulia yake.