Mfuko wa vitabu vya wachungaji Mtwara na Lindi: kuanzia orodha hadi rafu

Kamati nyingi za vitabu huanza kwa kuchangisha, na swali la kununua nini huja baadaye. Hapo ndipo mfuko hufa, kwa sababu mtoaji hajui anatoa kwa ajili ya kitu gani, na muuza vitabu akiuliza mnataka kipi, kamati hujibu "vya wachungaji". Anzeni na orodha.

Kabla ya kikao chochote cha fedha, mjumbe mmoja apite kwa kila mchungaji na mwinjilisti akiwa na daftari, aione rafu kwa macho yake. Aandike vitabu vilivyopo, lugha ambayo mwenyewe husoma bila kuchoka, anachofundisha mwaka huu, na kama nyumba ina taa ya kusomea usiku. Suala la lugha lisichukuliwe kijuujuu. Mchungaji aliyesoma cheti kwa Kiswahili, ukimpa ufafanuzi wa Warumi wa kurasa 600 kwa Kiingereza, atakushukuru kwa adabu na hatavuka utangulizi. Si uvivu. Baada ya kulima, kuzika na kutembelea wagonjwa, hana nguvu ya kupambana na kamusi.

Kwa mwenye rafu tupu, vitabu vinne vinatosha mwaka wa kwanza: itifaki (kitabu kinachoonyesha kila neno la Biblia liko mistari ipi), kamusi ya Biblia, ufafanuzi wa kitabu kimoja cha Biblia atakachokihubiri mwaka huo, na kimoja cha historia ya Kanisa au cha kuhudumia wagonjwa na wafiwa. Itifaki itangulie, na ifuate tafsiri anayoitumia. Union Version ya 1952 husema "Bwana" katika Zaburi ya 23, Habari Njema husema "Mwenyezi-Mungu". Itifaki ya tafsiri moja itampoteza msomaji wa nyingine, naye atadhani yeye ndiye hajui kuitumia. Kwa walioko Kilwa, Lindi mjini na Mikindani, ambako majirani wengi ni Waislamu, ongezeni kitabu kinachoeleza imani ya jirani kwa haki. Kitabu cha mabishano kiacheni dukani.

Orodha ikikamilika, mpelekeeni mwalimu wa theolojia aipitie. Chuo cha Mtakatifu Sipriano kiko hapo Rondo, na mwalimu mmoja akiisoma kwa nusu saa atawaokoa na makosa ya laki kadhaa.

Bei ziulizeni kwa wachapishaji wenyewe. Chama cha Biblia cha Tanzania na Central Tanganyika Press wote wako Dodoma. Hapa kwetu, Wabenedikto wa Ndanda, waliofika mwaka 1906, wana historia ndefu ya kuchapa vitabu vya dini kwa Kiswahili. Ombeni proforma, yaani ankara ya awali, yenye jina la kitabu, idadi, bei ya kimoja na tarehe ya mwisho ya bei hiyo. Ulizeni punguzo la kuanzia nakala 10. Malipo yaende kwenye akaunti au lipa namba yenye jina la taasisi, kamwe si kwenye simu ya mtu, hata akiwa mtumishi wa Mungu mnayemfahamu.

Sasa hesabu. Tuchukulie wachungaji 12, vitabu vinne kila mmoja, wastani wa shilingi 25,000 kwa kitabu. Hapo kila mchungaji anahitaji 100,000, jumla 1,200,000. Wekeni 120,000 za usafiri, nailoni, karatasi za kaki na dharura: 1,320,000. Kila mchungaji achangie 20,000, kwa 5,000 ya kila mwezi kwa miezi minne. Kila usharika, kwa sharika 12, uchangie 50,000, yaani watu 50 kwa buku moja moja. Hapo mmepata 840,000, na zinazobaki 480,000 ndizo za kuwaomba marafiki wa nje. Mchango wa mchungaji msiufute hata kama posho yake ni ndogo. Punguzeni hadi 2,000 ikibidi. Kitabu alichokilipia atakidai kikichelewa, na atakifungua kikifika. Usharika mdogo wa pwani wenye familia 15 msiupangie sawa na wa Masasi. Wenye zaidi wabebe wenye upungufu, na hilo liamuliwe wazi kwenye kikao ili lisije likawa nung'uniko.

Wakati wa kuomba ni wa korosho, na hapa kamati nyingi hukosea kwa wiki chache tu. Minada huanza kwenye Oktoba, watu wakasikia bei, kanisa likachukua ahadi Jumapili hiyohiyo. Lakini korosho ikishauzwa, fedha hupitia chama cha msingi hadi akaunti ya mkulima, na kati ya mnada na fedha kuingia kuna siku za kusubiri. Zikija, ada, deni la dukani na bati vimeshatangulia, ahadi imepoa. Dawa yake ni mwekahazina kuwauliza viongozi wa chama hicho cha msingi (AMCOS) malipo ya mnada upi yameshaingia, ndipo sadaka ya vitabu itangazwe Jumapili inayofuata. Siku hiyo kitabu kimoja kiwekwe mezani, watu wakishike, wakifunue, waone bei yake. Asiye na fedha alete kuku, mayai au debe la mihogo, vinadiwe baada ya ibada. Sadaka hii iandikwe kwenye leja yake, isichanganywe na ya ujenzi, kwa sababu ujenzi hauna mwisho.

Kwa marafiki wa nje, barua ya ukurasa mmoja inatosha: majina ya vitabu, bei, kiasi mlichokwisha kukusanya, kiasi kilichobaki, proforma ikiambatishwa. Kuomba kwa orodha si jambo geni. Kasisi Mwingereza Thomas Bray, aliyeanzisha SPCK, chama cha kueneza maarifa ya Kikristo, mwaka 1698, alipotafuta watumishi wa kwenda Maryland aliwapata maskini wasioweza kununua vitabu, akashikilia kwamba wapewe maktaba ya kwenda nayo. Rafiki akijitolea kutuma maboksi ya vitabu vilivyotumika, mshukuruni na mwombeni fedha ya vitabu vya kwenye orodha. Maboksi hayo huja na gharama za bandari na uhifadhi, na ndani yake mara nyingi mna Kiingereza cha juu na mapokeo ya kanisa lingine.

Mzigo ukija kwa basi, boksi lisizidi kilo 20, vitabu vilale bapa, nailoni iwe ndani ya boksi na nyingine nje. Mvua za Desemba hadi Aprili hazina huruma, hasa kwa mzigo wa Liwale. Hesabuni mbele ya karani wa basi kabla ya kusaini.

Rafu nayo iandaliwe mapema. Isigusane na ukuta, acheni nafasi ya kiganja kizima, kwa sababu mchwa hupanda na njia yake ya udongo ukutani na kula vitabu kwa nyuma, ambako hakuna anayetazama. Miguu isimame ndani ya makopo yenye oili chafu, na mtu ayafagie yakijaa vumbi, maana vumbi huwa daraja. Karibu na bahari adui ni ukungu: rafu iwe wazi nyuma, vitabu visibanane, na msivifungie kwenye nailoni baada ya kuvipokea, kwani unyevu hubaki humo. Jalada lifunikwe kwa kaki. Mende hupenda gundi ya jalada, hivyo chakula kisikae chumba hicho.

Umiliki uandikwe kabla ya kugawa, kwa kuwa uhamisho huja bila taarifa. Itifaki na kamusi ziwe mali ya mchungaji, aondoke nazo. Vitabu vya bei kubwa vipigwe muhuri wa jimbo, vikae kituo kimoja na kuazimwa kwa siku 30, kwa jina, tarehe na sahihi.

Simu isaidie pale inapoweza. Biblia na masomo ya theolojia kwa enezi, yaani ya kujisomea nyumbani, yakiwa kwenye memori kadi humfaa aliye mbali, lakini kioo kidogo hakifai kwa kurasa 300.

Wachungaji wanne au watano walio jirani wakutane mara moja kwa mwezi kwenye sura moja waliyoisoma wote, mmoja akieleza alivyoitumia kwenye mahubiri. Julai vitabu vyote vihesabiwe, vilivyoraruka vishonwe, na kila mmoja ataje kitabu kimoja anachokihitaji, ili orodha mpya na proforma zake ziwe mezani kabla korosho za kwanza hazijafika ghalani.