Somo: Kutafuta mkutano wa wanaoacha pombe na kuhudhuria kwa mara ya kwanza

Ndugu zangu, wengi mmeniuliza: "Nataka kuacha pombe, nasikia kuna vikundi, naanzia wapi?" Nitaeleza mikutano ya Alcoholics Anonymous, sisi twaiita AA, kwa kuwa ndiyo iliyoenea zaidi na haina ada. Shikeni hili kwanza: si lazima uwe umeshaacha ndipo uende. Sharti la uanachama ni moja tu, kuwa na nia ya kuacha kunywa.

Kabla ya yote, afya. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea kilevi unaweza kushikwa na degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Baada ya hapo mtu huweza kuchanganyikiwa, akaona visivyokuwepo, na wengine hufa. Nenda hospitali umwambie daktari kiasi unachokunywa, bila kupunguza hata chupa moja. Zipo dawa za kukuvusha siku hizo. Tafadhali msiruke aya hii.

Hatua ya 1: Tafuta. Tovuti ya AA na programu ya simu iitwayo Meeting Guide zinaonyesha mikutano mingi, ya ana kwa ana na ya mtandaoni. Ukiwa Kenya, piga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, uelekezwe kwenye ushauri nasaha na matibabu. Ukiwa Tanzania, ulizia kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa, au nyumba za soba, yaani makazi ya watu wanaoacha ulevi na dawa za kulevya. Zanzibar zipo soba zinazofuata hatua 12 zilezile za AA, yaani mwongozo wake wa kuacha ulevi, ingawa wengi wanaoingia huko wanatoka kwenye heroini.

Hatua ya 2: Hakikisha kabla ya kupanda gari. Kikundi huhama ukumbi au kubadili saa, na orodha ikabaki ya zamani. Piga simu, uliza siku, saa na mlango wa kuingilia. Uliza pia kama ni mkutano wa wazi, ambao mtu yeyote anaweza kuketi, au ni wa wenye tatizo la pombe peke yao. Ukitaka kwenda na ndugu wa kukushika mkono, chagua wa wazi.

Hatua ya 3: Ingia. Fika mapema kidogo, maana kuingia watu wakiwa wamenyamaza ndiko kunakowarudisha wengi mlangoni. Usitarajie kitu cha ajabu: viti vya plastiki vimepangwa duara, chupa ya chai pembeni, mwenyekiti anasoma maneno ya ufunguzi. Mara nyingi mkutano huchukua kama saa moja. Kila anayetaka husema jina lake la kwanza, "mimi ni mlevi", kisha hueleza yaliyomkuta. Hakatizwi, wala hapewi ushauri. Zamu ikikufikia, sema "leo nasikiliza tu", inatosha kabisa. Kikapu kikipita ni cha kodi ya ukumbi na chai. Mgeni hadaiwi kitu.

Hatua ya 4: Ondoka na namba za simu. Hapa ndipo ninaposisitiza kuliko pengine popote, kwa sababu watu husikiliza vizuri, wakashukuru, wakaenda zao. Kisha Ijumaa jioni mshahara umeingia, marafiki wanapiga simu, na huna wa kumpigia wewe. Omba namba mbili tatu, mwanamume kwa wanaume, mwanamke kwa wanawake. Piga ukiwa mzima, hata kwa salamu, ili siku ya kiu usione aibu. Baadaye, katika hao, utamwomba mmoja awe sponsa wako, yaani mtu aliyetangulia anayekuongoza katika zile hatua 12.

Hatua ya 5: Rudi. Usihukumu kwa mkutano mmoja. Vikundi havifanani, kimoja kina wazee watupu, kingine vijana. Jaribu kadhaa.

Maswali ya wanachama (majina nimeyaondoa)

*Shikamoo kaka. Mimi ni Muislamu, naishi Mombasa. Mikutano niliyoisikia iko kanisani. Nikionekana naingia?*

Marahaba mdogo wangu. Ukumbi ni wa kukodi tu. AA si ya dini wala dhehebu lolote. Hatua 12 zenyewe zinamtaja Mungu "kama tulivyomwelewa", na ukikaa kimya wakati wa dua hakuna atakayekuuliza. Kama macho ya watu yanakutia hofu, anza na mkutano wa mtandaoni, kamera ukiizima.

*Mume wangu ndiye anayekunywa na hataki kusikia. Nimpeleke kwa nguvu?*

Pole sana dada. Mwache yeye, nenda wewe. Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, ni ya familia za walevi, na ipo mtandaoni pia. Huko utakutana na wake waliochoka kumwombea mume ruhusa kazini kwa uongo. Akikupiga, usisubiri mkutano wowote: ondoka na watoto mwende mahali salama.

*Nilikaa miezi bila kunywa, nimeteleza. Nina uso gani wa kurudi?*

Uso huohuo, leo hii. Wengi utakaowakuta wamepita hapo. Hata kama bado umelewa, kwa kawaida utaruhusiwa kukaa. Utaombwa tu usizungumze, usikilize. Kama umerudia kunywa kila siku, soma tena ile aya ya hospitali.

*Huku kwetu Rukwa hakuna kikundi.*

AA yenyewe ilianza na watu wawili, mwaka 1935 huko Akron, Marekani: dalali wa hisa kutoka New York na daktari wa upasuaji, wote walevi. Walikaa wakaongea. Hudhuria ya mtandaoni kwa sasa; bando likiwa dogo, zima picha usikilize sauti. Na mwachie muuguzi wa zahanati yenu namba yako, ampe mwingine atakayeuliza kama ulivyouliza wewe. Mkiwa wawili, chagueni siku na saa, mkutane.